"Dini Tuliletewa": Jibu Kutoka Mbeya na Iringa

Kuna hoja moja ambayo kijana yeyote aliyepita chuo kikuu hapa Tanzania ameshaisikia, kama si kuitoa yeye mwenyewe. Utaikuta kijiweni, kwenye daladala, kwenye chumba cha habari, na hasa bwenini usiku umeme ukishakatika. Hoja yenyewe ni fupi: "Hii dini tuliletewa tu." Ukiisema kwa kujiamini, ukachomekea na habari za Biblia mkono mmoja na bunduki mkono mwingine, mjadala umekwisha. Atakayesema kwamba Jumapili yeye ataenda kanisani anaonekana mtu ambaye bado amelala.

Mimi ni mmoja wa hao waliolala. Nimezaliwa Mbeya, nikasoma sekondari Iringa, nikaenda Mlimani kama wengine, na sasa naandika kwenye gazeti Dar es Salaam. Kazini naulizwa mara kwa mara, kwa utani na bila utani: "Wewe na usomi wako wote, bado upo huko?" Ndiyo, bado nipo huku. Ila sitaki kujibu kwa mahubiri. Wanaohubiri ni wengi na sauti zao ni kubwa kuliko yangu. Nataka nijibu kwa kitu ambacho sisi watu wa magazeti tunadai tunakiheshimu, yaani tarehe na matukio.

Nianze kwa kukubali. Ililetwa. Hilo halina ubishi. Swali langu ni la pili, ambalo kijiweni huwa hatulifikii: waliyoileta walipoondoka, ni nani aliyebaki nayo? Maana waliondoka kweli, ndugu zangu. Nyanda za Juu Kusini wamisionari waliondolewa kwa nguvu mara mbili katika muda wa miaka 25 hivi, na baadaye serikali yetu wenyewe ikachukua shule zilizokuwa mkono wa kuume wa makanisa. Kama imani hii ilikuwa imesimamishwa na nguzo za mzungu tu, ilikuwa na nafasi tatu za kuanguka. Tuangalie kilichotokea.

Jinsi ilivyoletwa

Mwaka wa kuanzia ni 1891. Huu ni mwaka ambao mtu wa Iringa anaukumbuka kwa jambo jingine kabisa. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, mashujaa wa Mkwawa walikifyeka kikosi cha Kijerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Mwaka huohuo, upande wa pili wa nyanda hizi, Wajerumani wa aina nyingine walikuwa wanaingia Unyakyusa. Hawa walipitia njia ya maji, Zambezi, Shire, kisha Ziwa Nyasa. Kundi moja lilikuwa la Misheni ya Berlin likiongozwa na Alexander Merensky. Jingine lilikuwa la Wamoraviani likiongozwa na Theodor Meyer, ambao walijenga chini ya Mlima Rungwe. Mahali pale pana misheni mpaka leo.

Kama ulifikiri walifika, wakapiga kengele, watu wakajaa, umekosea. Mtu wa kwanza kubatizwa na Wamoraviani wa Rungwe alipatikana mwaka 1897, miaka sita baada ya kufika. Alikuwa mwanamke mzee aitwaye Fyabarema. Siyo chifu wala kijana mwenye nguvu wa kupeleka habari mbali. Hebu fikiria miaka sita ya kazi halafu matunda yako ni bibi mmoja. Shirika la leo lenye wafadhili lingeshafunga ofisi.

Iringa njia ilikuwa ngumu zaidi, na hapa wenye hoja ya bunduki wana haki yao. Boma la Mkwawa pale Kalenga liliangushwa mwaka 1894. Mkwawa akapigana vita vya msituni mpaka Julai 1898 alipojiua ili asikamatwe. Wabenediktini walijenga kituo chao cha Tosamaganga katika miaka hiyohiyo, vumbi la vita halijatulia. Kichwa cha Mkwawa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na fuvu likarudishwa mwaka 1954. Lipo Kalenga, na mtoto wa shule wa Iringa hupelekwa kuliona. Mimi nimepelekwa. Mtu wa mkoa ule hawezi kukudanganya kwamba msalaba na mzinga vilifika kwa barabara mbili zisizojuana.

Na watu wa wakati ule waliliona hilo vizuri kuliko sisi. Vita vya Majimaji vilipofika Ubena, Septemba 1905, kituo cha misheni cha Yakobi karibu na Njombe kilishambuliwa. Waliokishambulia hawakuwa na muda wa kutenganisha mzungu wa kodi na mzungu wa katekisimu. Kwa hiyo mpaka hapa hoja ya kijiweni inasimama vizuri. Tungekomea 1905, ningeikubali yote na kwenda kulala.

Nguzo ya kwanza inang'olewa

Lakini historia haikukomea 1905. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na ndani ya miezi michache wamisionari wa Kijerumani wa nyanda zote hizi walikuwa wamekamatwa na kuondolewa. Fedha kutoka Ujerumani zilikatika. Uingereza haikuwaruhusu warudi Tanganyika mpaka katikati ya miaka ya 1920.

Hebu tukae hapa kidogo, kwa sababu vitabu vyetu vya shule hupita hapa kwa sentensi moja.

Ukristo wa Wanyakyusa wakati huo ulikuwa na umri wa miaka 25 tu. Wa Wabena na Wahehe ulikuwa mdogo zaidi. Njaa na magonjwa vilikuwa vimepita na majeshi, wanaume walikuwa wamekamatwa kubeba mizigo ya vita. Mzungu aliyeleta habari hii ameonekana akiongozwa na askari wa mzungu mwingine, wote wawili wakidai kumwomba Mungu mmoja. Kama kuna siku ambayo mtu mwenye akili zake angesema "basi, tumewaona", ilikuwa siku ile. Hakuna ambaye angemzuia.

Waliobaki na sharika ni walimu. Wengi hawakuwa wachungaji waliowekewa mikono. Walikuwa walimu wa shule za vijijini, watu wenye kitabu kimoja au viwili, wanaofundisha a-e-i-o-u asubuhi na kuongoza sala jioni. Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, walisaidia kusimamia, na pamoja nao wakaja Waafrika wa Nyasaland waliokuwa wamekomaa katika kanisa lile. Lakini Waskoti walikuwa wachache na eneo ni kubwa. Kazi ya kila siku ya kuzika, kufundisha, kuonya na kupatanisha waliifanya wenyeji.

Wajerumani waliporudi hawakukuta magofu. Walikuta sharika zilizozoea kujiendesha, na walimu ambao hawakuwa tayari tena kurudi kwenye kuitikia "ndiyo bwana". Mwanahistoria wa Marekani, Marcia Wright, aliyeandika juu ya misheni hizi za kusini, ameonyesha vizuri jinsi miaka ile ilivyobadilisha uhusiano wa Mwafrika na mmisionari. Iringa nako, Wakatoliki wakapata wamisionari wapya mwaka 1919, Wakonsolata kutoka Italia. Bosi alibadilika, taifa likabadilika, lugha ya bosi ikabadilika. Mwumini hakubadilika. Kwangu mimi huo ni ushahidi mkubwa kuliko mahubiri yoyote.

Walichofanya wenyeji na kilicholetwa

Kitu cha pili ninachotaka ukitazame ni lugha. Wanyakyusa walikuwa na jina Kyala kabla ya mmisionari yeyote. Monica Wilson, mwanaanthropolojia kutoka Afrika Kusini aliyeishi Unyakyusa na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwamba Kyala alitajwa miongoni mwa mababu wakubwa wa asili, akiwa na mahali pake pa ibada karibu na ziwa. Wamisionari walilichukua jina hilo kumtaja Mungu wa Biblia. Kwa Wahehe na Wabena lilikuwapo jina Nguluvi, nalo likaingia kanisani. Kwa hiyo bibi wa Rungwe aliposali hakusali kwa neno la Kijerumani. Alisali kwa neno alilolinyonya kwa mama yake, japo sasa lilikuwa limebeba maana pana zaidi.

Kabla ya vita ya kwanza, Agano Jipya lilikuwa limeshachapwa kwa Kinyakyusa na kwa Kibena. Hili tunalichukulia kirahisi, lakini fikiria maana yake mwaka 1916. Mjerumani amekwenda na ufunguo wa nyumba yake, lakini kitabu kimebaki, na kinasomeka bila yeye. Mwalimu wa kijiji hakuhitaji mkalimani.

Halafu yakaja majina. Wale ndugu wanaotuambia tutupe majina ya kikoloni wana hoja, nami nawaheshimu kwa hilo. Lakini hebu waje Tukuyu wasome daftari la mahudhurio la darasa lolote. Watakutana na Ambwene, Atuganile, Atupele, Asajile, Lusajo, Ipyana, Lugano. Ambwene maana yake ameniona. Atuganile, ametupenda. Atupele, ametupa. Asajile, amebariki. Lusajo ni baraka, Ipyana ni neema, Lugano ni upendo. Mengi ya majina haya ni sentensi kamili ambazo mtendaji wake hatajwi. Nani ameniona? Nani ametupenda? Hakuna anayeuliza, kila mtu anajua. Hakuna mmisionari aliyekaa na orodha akigawa majina haya. Akina mama waliyatunga wakiwa wamelala na watoto wachanga, baada ya njaa, baada ya msiba, baada ya kungoja mtoto miaka mingi.

Sasa niambie, jina Ambwene limeletwa na nani?

Wala wenyeji hawakumeza kila walichopewa. Wamisionari walikuwa na masharti makali. Ngoma za mazishi zilikatazwa, na mwanaume mwenye wake wengi hakupata ubatizo mpaka aachane nao, abaki na mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 likaingia Rungwe kutoka Nyasaland kanisa lililoitwa African National Church, lililoanzishwa na Waafrika wenyewe, ambalo halikumfungia mlango mwenye wake wengi. Unaweza kukubaliana na msimamo ule au usikubaliane. Mimi naona jambo jingine. Watu wale walikuwa na nafasi nzuri ya kusema "mzungu ametutenga, basi na Mungu wake aende". Badala yake wakasema mzungu asitutenganishe na Mungu. Mtu hagombanii kitu ambacho si chake.

Dunia ilikuwepo tangu zamani

Kuna kosa tunalolifanya tunapozungumzia imani na maisha ya kisasa. Tunadhani babu zetu waliamini kwa sababu hawakuwa na cha kufanya Jumapili. Eti sisi ndio wa kwanza kukutana na starehe.

Mji wa Mbeya wenyewe ni mtoto wa dhahabu. Ulikua mwishoni mwa miaka ya 1920 wakati watu walipokimbilia Lupa, kule Chunya. Vijana kutoka vijiji vya misheni walishuka huko kwa maelfu, wakapata mshahara wa kwanza maishani mwao, na penye mshahara wa machimbo mambo mengine yote huwa hayako mbali. Wengine walikwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Baadaye wakaja mawakala wa Wenela wakiwachukua vijana mpaka migodi ya dhahabu ya Johannesburg. Walirudi na suti, gramafoni na habari za mji usiolala. Wazee walilalamika kwamba vijana wamepotea. Ni maneno yaleyale wanayotuambia sisi.

Na wengine walipotea kweli. Lakini wengine ndio waliorudi na fedha ya mabati ya kanisa. Mji haukuwa adui wala rafiki wa imani. Uliifunua tu ile uliyokwenda nayo.

Nguzo ya pili na ya tatu

Mwaka 1939 vita ya pili ikaanza na sinema ikajirudia. Wajerumani wakakamatwa tena. Walutheri wa Marekani na wa nchi za Skandinavia wakasaidia upande wa Walutheri, Wamoraviani wa Uingereza wakasaidia upande wao. Safari hii makanisa hayakuwa ya kuokotwa njiani. Yalikuwa na viongozi wake, na baada ya vita mwendo ulikuwa mmoja tu, kukabidhi. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri nchini, pamoja na lile la kusini, yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Nguzo ya tatu ni shule. Kwa miaka mingi ukitaka kusoma ulipitia kwa padri au kwa mchungaji. Hii ilikuwa baraka na mtego pia, kwa sababu wako waliobatizwa ili wapate dawati. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Sheria ya Elimu ya 1969 iliipa serikali mamlaka juu ya shule hizo, zikawa za umma. Tosamaganga, sekondari ambayo Wakatoliki waliijenga, ikawa ya serikali na ni ya serikali hadi leo. Binafsi naona ilikuwa haki. Watoto wa Kiislamu na wasio na dini walikuwa wamebaki nyuma kwa sababu ya mfumo ule, na taifa haliwezi kujengwa hivyo.

Lakini kwa makanisa ya nyanda hizi lilikuwa pigo. Mtoto sasa anasoma bila kumhitaji mchungaji. Asubuhi anaimba nyimbo za Chama, darasani anafundishwa siasa, na taifa lina itikadi yake yenye joto kali. Iringa tunajua joto hilo lilifika wapi. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisukuma vijiji vya ujamaa kwa nguvu zake zote, aliuawa Isimani na mkulima Said Mwamwindi kwa ugomvi wa shamba. Kazi ya ujamaa haikuwa na sikukuu.

Hata sensa iliacha kuuliza. Ya mwisho kumuuliza Mtanzania dini yake ni ile ya 1967. Leo Ibara ya 3 ya Katiba inasema nchi yetu haina dini, na sote tumekua tukisikia kwamba serikali haina dini lakini watu wake wanazo. Mimi naona hili ni moja ya mambo mazuri tuliyorithi. Jirani yangu wa Mlandege anaswali, mimi naenda ibadani, jioni tunakaa benchi moja tunakunywa kahawa.

Je, imani ilikufa shuleni? Hapana. Ilihama kutoka ofisi ya mkuu wa shule ikaenda kwa wanafunzi. UKWATA kwa Waprotestanti, TYCS kwa Wakatoliki, CASFETA kwa Wapentekoste. Aliyesoma sekondari ya serikali Mbeya au Iringa anajua ninachosema. Hakuna mwalimu anayekulazimisha. Mwenyekiti ni wa kidato cha tano, mhubiri ni wa kidato cha tatu ambaye jana alichapwa kwa kuchelewa namba. Mnakutana darasani jioni, baridi ya Juni inapita kwenye dirisha lisilo na kioo, mmevaa masweta mawili mawili. Ukichoka unaacha, hakuna atakayekuandika. Nilikuwa mmoja wao. Ni pale, na siyo kwenye ubatizo wangu ambao siukumbuki, nilipojua kwamba jambo hili nimelichagua.

Ukitazama vizuri, wale wanafunzi na wale walimu wa 1916 ni watu wa aina moja. Hawana cheo wala mshahara, wana kitabu na wana wenzao.

Nguzo zimerudi

Sasa nije kwetu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 upepo uligeuka. Mwaka 1992 serikali na makanisa yalitiliana saini ya makubaliano juu ya huduma za elimu na afya. Makanisa yakarudi kwenye elimu kwa kishindo. Iringa Walutheri walifungua chuo chao katika miaka ya 1990, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa na kimetoa waandishi wa habari wengi ninaofanya nao kazi. Wakatoliki wakaanzisha Ruaha. Mbeya Wamoraviani wana Teofilo Kisanji. Makanisa ya kilokole yamejaa kuanzia Uyole mpaka Mbalizi. Spika ni kubwa, mabango ni makubwa, viongozi wa dini wanakaa mstari wa mbele kwenye sherehe za kitaifa.

Kwa macho, hakuna wakati ambapo Ukristo umesimama vizuri namna hii Nyanda za Juu Kusini. Na hapo ndipo ninapopata wasiwasi, kwa sababu tulizozirudisha ni nguzo.

Maana dunia isiyomjali Mungu haikuja kwetu kama ilivyokwenda Ulaya. Huku huwasikii watu wakisema Mungu hayupo. Karibu kila mtu anamtaja, kwenye kioo cha daladala, kwenye wimbo wa bongo fleva, kwenye shukrani za mshindi wa kubeti. Kwetu imekuja kama ratiba. Jumapili ni siku ya zamu. Jumapili ni ligi ya Uingereza. Jumapili ni Sokoine, na nakumbuka Mbeya City walipopanda Ligi Kuu mwaka 2013 na kumaliza wa tatu msimu wao wa kwanza, mji mzima ulikuwa na liturujia moja. Mimi pia nilikuwemo, sioni dhambi. Lakini ukiondoa zamu, mpira na simu, kinachobaki ni saa ngapi? Imani haipigwi marufuku siku hizi. Inakosa nafasi tu.

Na pale inapopata nafasi, mara nyingi inakuja kama bidhaa. Maji ya upako, mafuta ya upako, toa hii upate ile. Kijana anaingia akitafuta kazi, kazi isipopatikana anatoka, na safari hii anatoka na Mungu amemchukia. Nimekutana na wengi wa namna hiyo katika kazi yangu. Hawakuisoma hoja yoyote ya kukana dini. Waliahidiwa vitu ambavyo bibi Fyabarema hakuahidiwa.

Kwenye kazi yangu mtihani hauji na shetani mwenye mapembe. Unakuja na bahasha. Mkutano umekwisha, ofisa anakusogelea na tabasamu, "ndugu mwandishi, nauli yako". Wewe unajua nauli ya kutoka pale ni shilingi ngapi, na unajua bahasha ina unene gani. Katiba haitakusaidia pale, kwaya haipo, askofu haoni. Ukiichukua hakuna atakayejua, ukiikataa wenzako wanakuita mlokole. Pale ndipo unajua kama ulicho nacho ni jina kwenye cheti cha ubatizo au ni kitu kingine. Mwalimu wa 1916 alikuwa na bahasha yake pia. Angeweza kuacha shule ya kijiji akaenda kumtumikia mshindi mpya aliyekuwa akitafuta makarani wanaojua kusoma. Wako waliokwenda, na siwalaumu. Waliobaki ndio sababu mimi nipo.

Habari ya mahindi

Nirudi kwenye ile hoja. Dini tuliletewa? Ndiyo. Na mahindi tuliletewa, kutoka Amerika. Viazi mviringo vya Uporoto asili yake ni hukohuko. Chai ya Tukuyu imetoka Asia. Leo ukimwambia mtu wa Iringa kwamba ugali si chakula chake atakutazama mara mbili. Mikoa yetu ya kusini iliitwa ghala la chakula la taifa kwa ajili ya hayo mahindi ya kuletwa. Hatuulizi yalitoka wapi. Tunauliza kama yameshika ardhi.

Lakini mfano huu una upande wa pili, na mkulima yeyote wa Mbozi au Ismani atakuambia. Mahindi hayajipandi. Babu yako angejaza maghala kumi, wewe usipolima msimu huu, utanunua unga dukani. Sharika zile zilizobaki bila mzungu mwaka 1916 zilipanda msimu wao. Wanafunzi wa masweta mawili walipanda wa kwao. Kizazi changu kimerithi majengo, vyuo, hospitali na majina mazuri kama Ambwene na Lusajo. Hayo yote ni mavuno ya watu wengine.

Kwa hiyo mshikaji wangu wa kijiweni, hoja yako nimeikubali nusu. Nusu iliyobaki nakurudishia kama swali, na najiuliza nami. Vyuo vikifungwa kesho, spika zikizimwa, viongozi wakiondolewa kwenye mstari wa mbele, pale mtaani kwako Mwanjelwa au Kihesa watabaki wangapi wa kukutana jioni na kitabu kimoja? Babu zetu walishaufanya mtihani huo. Sisi bado hatujauitwa.